Uji Mwepesi Haumtoshi: Mwongozo Kamili wa Kusaga Chakula cha Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira

Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira puani au tumboni, maelekezo ya wodini mara nyingi huwa mafupi: mpeni uji, maziwa, supu na juisi, kila baada ya saa tatu. Familia inafika nyumbani, inapika uji, uji unagoma kushuka. Wanauongezea maji. Kesho yake wanauongezea tena. Mwezi ukiisha mgonjwa amebaki mifupa, na majirani wanasema ugonjwa umemmaliza. Ugonjwa upo, lakini mara nyingi kinachommaliza ni njaa.

Tupige hesabu. Mtu mzima wa kilo 50 anahitaji kalori zipatazo 1,500 kwa siku (25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake) na protini gramu 50 hadi 75. Lita moja ya uji mwepesi, wenye vijiko vinne vya unga na viwili vya sukari, ina kalori kama 240 tu. Akipewa lita moja na nusu kwa siku amepata 360, yaani chini ya robo ya mahitaji yake, na protini gramu nne au tano hivi. Tumbo limejaa maji, mwili haujapata kitu.

Maziwa maalumu ya kopo ya kulishia kwa mpira yanauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa mijini, na kama familia inayamudu, ni mazuri: yamepimwa, hayazibi mpira kirahisi, hayana kazi kubwa. Nyumba nyingi hazimudu. Na hata Uingereza na Marekani, ambako makopo hayo yanapatikana kirahisi, kuna familia zilizoamua kurudia chakula cha kusaga, kwa sababu choo cha mgonjwa kilikuwa kizuri zaidi na kutapika kulipungua. Kwa hiyo usijione unampa mgonjwa wako chakula cha daraja la pili. La msingi ni kukisaga kwa kipimo na kwa usafi.

Kwanza: je, mgonjwa wako anafaa?

Usianze bila kuongea na daktari au afisa lishe aliyemhudumia. Nenda na maswali haya.

Mpira unaishia wapi? Ukiishia tumboni, sawa. Kuna mipira inayopita tumbo na kuishia kwenye utumbo mdogo. Hiyo haipokei chakula cha kusaga, kwa sababu kinakuwa kimeikwepa tindikali ya tumbo inayoua vijidudu, na utumbo hauwezi kupokea kingi kwa mkupuo.

Mpira una unene gani? Namba imeandikwa juu yake, na mipira mingi ya puani ina rangi kwenye kichwa chake: bluu ni namba 8, nyeusi 10, nyeupe 12, kijani 14, chungwa 16. Chakula cha kusaga kinapita vizuri kuanzia namba 14. Kwenye 12 kitapita kikichujwa sana. Namba 8 ni ya kuziba kila siku, usijaribu. Kwa mpira uliopitishwa ukutani mwa tumbo, yaani gastrostomi, subiri jeraha lipone na hospitali iruhusu.

Mgonjwa ana umri na hali gani? Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa tu, ya mama kwanza. Mwenye kisukari, figo au ini lililochoka anahitaji mpango wake mwenyewe. Kipimo nitakachotoa hapa si chake. Mwenye kinga iliyoshuka sana, kwa mfano aliye katikati ya tiba kali ya saratani, naye asubiri ruhusa.

La mwisho ndilo linaloua kimya kimya. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, kama wagonjwa wengi wa saratani ya koo la chakula wanaofika hospitali wakiwa hawamezi hata maji, hapaswi kujazwa chakula siku ya kwanza. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya potasiamu, fosfeti na magnesiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Mgonjwa wa namna hiyo huanzishwa hospitalini, kalori 10 kwa kilo kwa siku au hata chini, huku akipewa vitamini B1 na kupimwa damu, kisha anapandishwa polepole. Huruma ya ndugu isiharakishe hapa.

Vifaa

Blenda yenye nguvu, chujio la waya lenye matundu madogo sana (lile la chai linafaa), mabomba mawili ya sindano ya mililita 60 yenye mdomo mpana, jagi lenye alama za mililita, vyombo vyenye mfuniko, na mzani kama upo. Vyote viwe vya mgonjwa peke yake. Blenda ya pilipili na vitunguu vya nyumba nzima haifai, harufu na vipande hujificha chini ya visu vyake.

Kama umeme ni wa shida, usikate tamaa. Karanga zipelekwe mashineni zikasagwe hadi ziwe laini kabisa, nafaka ziwe unga, viazi na boga vichemshwe hadi vivurugike, kisha kila kitu kipitishwe kwenye chujio kwa kusukumwa na mgongo wa kijiko. Ni kazi ya mkono na inachosha, lakini inawezekana.

Kimea: siri ya uji mzito unaopita

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo familia nyingi zinapokwama. Uji wenye unga wa kutosha ni mzito, na mzito haupiti. Ukiongeza maji unapita, ila umepoteza chakula. Njia ya kutoka ipo jikoni kwa bibi zetu wapika pombe na togwa: kimea. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vidogo, na uji uliokuwa umesimama unalegea bila kuongezwa tone la maji.

Tumia ulezi. Mtama ukiota hujenga sumu ya sayanidi kwenye mizizi na machipukizi yake, ulezi hauna usumbufu huo. Osha ulezi, uloweke usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka uote vijimizizi. Suuza kila siku. Ukiona ukungu, tupa wote. Anika juani hadi ukauke kabisa, saga, hifadhi kwenye kopo kavu.

Sasa pika uji wako mzito kama kawaida hadi uive. Epua, acha upoe hadi uwe wa moto lakini umeacha kabisa kufuka kwa nguvu, karibu nyuzi 60. Weka kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea kwa lita, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako. Mwiko uliokuwa unaacha mfereji nyuma yake unaanza kupita kama kwenye maziwa. Acha dakika kumi, kisha rudisha jikoni uchemke tena dakika tano ili kuua vijidudu vya kimea. Ukikiweka kimea kwenye uji unaotokota hakitafanya kitu, kwani joto kali linaua vile vimeng'enya.

Chakula cha siku nzima kwa mtu mzima wa kilo 50

Kipimo hiki kinatoa kalori zipatazo 1,550 na protini kama gramu 60, ndani ya lita moja na robo tatu hivi. Kikombe ni kile cha mililita 250.

Mchanganyiko wa uji: unga wa ulezi au wa mahindi robo tatu ya kikombe (gramu 100), maziwa yaliyochemshwa vikombe viwili, maji vikombe viwili, karanga zilizosagwa laini vijiko vitatu vya chakula, mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chakula, kimea kama nilivyoeleza. Karanga zipike pamoja na uji, usiziongeze mwishoni zikiwa mbichi.

Mchanganyiko wa chakula: viazi viwili vya ukubwa wa kati vilivyochemshwa (gramu 200), samaki asiye na mwiba hata mmoja au kuku aliyeiva sana gramu 100, karoti au boga kipande cha kushika mkononi, parachichi robo, mafuta kijiko kimoja cha chakula, na supu kikombe kimoja au zaidi kidogo. Chumvi isizidi nusu kijiko cha chai kwa siku nzima, ila usiiondoe kabisa isipokuwa daktari amekataza. Mgonjwa huyu hana pengine anapoipata.

Vitu vinabadilishana. Samaki gramu 100 anaweza kuwa mayai matatu yaliyochemshwa yakaiva, ingawa protini itapungua kidogo. Maharage yaliyochemshwa hadi yapasuke, kikombe kimoja na nusu, yanakaribia kiasi hicho, lakini maganda yake lazima yabaki kwenye chujio. Viazi vitamu, ndizi za kupika au wali laini vinashika nafasi ya viazi. Unga wa dagaa ni mzuri na nafuu, mradi uchekechwe sana na upikwe. Kijiko kimoja cha mafuta ni kalori 120. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuongeza nguvu bila kuongeza ujazo.

Kuhusu karanga na mahindi, chagua kwa mkono. Zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi isiyo yake, tupa. Usizikaange ukidhani moto utaondoa sumukuvu, hauiondoi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mgonjwa aliyedhoofika hana akiba ya kupambana nayo.

Vya kuepuka: yai bichi (bado kuna watu wanalikorogea kwenye maziwa), maziwa yasiyochemshwa, bamia na mlenda, pilipili, mbegu za nyanya, nyama yenye nyuzi, na juisi ya machungwa au ndimu kuifuatisha maziwa. Vikikutana ndani ya mpira, maziwa hugandia humo humo.

Kusaga na kuchuja

Saga vikiwa vya moto na supu yake, dakika tatu nne, si sekunde thelathini. Vinyuzi vya mwisho vya kuku ndivyo vinavyoziba mpira, na blenda huvifikia mwishoni. Chuja mara moja, kisha suuza chujio na uchuje tena. Kinachobaki kwenye chujio usikisukume kwa nguvu kipite.

Kipimo cha kujua kama kimelegea vya kutosha fanya juu ya beseni. Toa kipini cha kusukumia kwenye bomba la sindano, jaza chakula, lishike wima. Kikitiririka chenyewe mfululizo, kiko tayari. Kikidondoka tone moja moja, ongeza supu au maziwa, siyo maji matupu, ujaribu tena.

Gawa mara moja kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja. Mezani kisikae zaidi ya saa mbili. Kwenye friji, hadi saa 24 tangu kipikwe, baada ya hapo ni cha kumwaga. Kama huna friji, pika mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo. Uji wa asubuhi uliowekwa kwenye chupa ya chai hadi jioni ni shamba la vijidudu. Unapotoa kwenye friji, kichemshe vizuri kisha kipoe hadi uvuguvugu wa kuweza kudondoshea ndani ya kifundo cha mkono.

Kulisha, hatua kwa hatua

Nawa mikono kwa sabuni. Mwinue mgonjwa akae, au kitanda na mito vimpandishe nyuzi 30 hadi 45. Mgonjwa aliyelala chali halishwi, hata kama amesinzia vizuri na unamwonea huruma.

Kagua mpira kila mara. Wa puani una alama pale unapoingia. Siku ya kuruhusiwa mwombe muuguzi aipige kalamu na akuandikie urefu. Alama ikisogea, usilishe. Mwambie mgonjwa afungue mdomo, uangalie kama mpira haujajikunja kooni. Vuta kidogo kwa bomba: maji ya tumbo yakitoka, yajaribu kwa karatasi za pH (za kupimia tindikali) kama unazo, 5.5 au chini yake ni tumbo. Kusikiliza mlio wa hewa tumboni, au kutumbukiza ncha ya mpira kwenye glasi ya maji kuangalia mapovu, ni mazoea ya zamani yasiyotegemeka. Ukiwa na shaka, usilishe. Chakula kikiingia mapafuni ni hatari kuliko kukosa mlo mmoja.

Pitisha maji safi yaliyochemshwa mililita 30. Kisha unganisha bomba lisilo na kipini kwenye mpira, mimina chakula, linyanyue kidogo juu ya usawa wa tumbo literemke kwa uzito wake. Mililita 300 hadi 350 zichukue dakika 15 hadi 30. Ukitaka kasi, nyanyua. Ukitaka polepole, shusha. Usiache bomba liishe kabisa kabla ya kuongeza, hewa itaingia na tumbo litajaa gesi.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe aliniambia, "Sista, mimi nasukuma tu, ana wageni wanamsubiri." Nikamwambia, "Mama, wewe ukilishwa sahani nzima kwa dakika mbili, si utatapika?" Akacheka, akavuta kigoda.

Malizia na maji mililita 30. Mgonjwa abaki ameinuka kwa dakika 30 hadi 60. Milo mitano inatosha: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 2 usiku. Kati ya milo mpe maji matupu; jumla ya majimaji yote kwa siku isipungue mililita 30 kwa kilo, na zaidi kidogo kukiwa na joto la Dar au homa. Mkojo wa njano iliyoiva sana unakuambia maji hayatoshi.

Mdomo usiokula nao huoza. Mswaki asubuhi na jioni, na midomo ipakwe mafuta.

Dawa

Kila dawa isagwe peke yake, ikorogwe kwa maji, ipitishwe peke yake, na maji mililita 15 hadi 30 katikati. Kamwe usiichanganye ndani ya uji, maana mlo ukikatishwa hutajua amepata kiasi gani. Vidonge vya kuachia dawa polepole na vyenye ganda maalumu havisagwi. Mwulize mfamasia kama kuna ya maji. Fenitoini ya kifafa ina masharti yake: chakula husimamishwa saa moja hadi mbili kabla na baada, la sivyo haifyonzwi vizuri na degedege linarudi.

Mambo yakiharibika

Mpira ukiziba, tumia maji ya uvuguvugu. Sukuma kidogo, vuta kidogo, subiri dakika kumi, rudia. Soda watu huipenda sana kwa kazi hii, lakini tindikali yake hugandisha protini na kufanya kizibo kiwe kigumu zaidi. Waya, hata mwembamba, unatoboa mpira na baada yake tumbo.

Akiharisha, kabla ya kulaumu chakula angalia mikono, vyombo, kasi, na kama ameanza antibiotiki. Vikiwa sawa, jaribu kupunguza maziwa kwa siku mbili tatu, uweke supu mahali pake. Akikosa choo, ongeza maji kwanza, papai au boga baadaye. Akitapika au tumbo likivimba, simamisha mlo huo, na unaofuata uwe nusu na polepole.

Nenda hospitali bila kusubiri kuche endapo anakohoa au kupumua kwa shida wakati wa kulishwa au baada yake, midomo inabadilika rangi, ana homa na kifua kinakoroma, anatapika damu, au tumbo limekuwa gumu na linauma. Mpira wa tumboni ukichomoka, funika tundu kwa chachi safi uondoke saa hiyo hiyo, kwa kuwa tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Beba na mpira wenyewe. Wa puani ukitoka, usiurudishe mwenyewe kama hukufundishwa. Na waulize tarehe ya kuubadilisha kabla hamjatoka wodini, maana mipira ya plastiki ya kawaida hukakamaa ikikaa muda mrefu.

Uzito

Mpime kila wiki, siku ile ile, nguo nyepesi. Asiyeweza kusimama, apimwe akiwa amebebwa kisha utoe uzito wa aliyembeba, au pima mzunguko wa mkono wake wa juu kwa futi ya fundi cherehani. Andika kwenye daftari pamoja na milo, choo na matapishi. Ukienda kliniki na daftari hilo, afisa lishe atafanya kazi ndani ya dakika kumi badala ya kukisia. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo na choo kiko sawa, ongeza kijiko kimoja cha mafuta na kijiko kimoja cha karanga kwa siku, uangalie wiki inayofuata. Miguu ikianza kuvimba huku uzito ukipanda, hayo ni maji, si nyama. Mpeleke akaonekane kabla hujabadilisha chochote jikoni.